Sanamu za Bahari ya Maldivi: Kosa Lilikuwa la Nani?

Mnamo Septemba 21, 2018, polisi wa Maldivi waliingia baharini na sululu, misumeno na kamba, wakazivunja sanamu za Mwingereza Jason deCaires Taylor. Zilikuwa nusu mtu, nusu mmea na matumbawe, zimewekwa mwaka huohuo kwenye maji ya hoteli moja ya watalii. Nia ya fundi ilikuwa matumbawe yaote juu yake, samaki wapate makao. Mahakama ikaamua kwamba zinahatarisha umoja wa Kiislamu.

Sisi wa pwani hukumu ya kuchonga viumbe vyenye roho tumeisikia tangu chuoni. Hilo halina ubishi hapa. La kustaajabisha ni kwamba zilivunjwa siku mbili tu kabla ya uchaguzi, ambao Rais Abdulla Yameen alishindwa. Haraka kama hiyo hatukuiona mwaka 1998, joto la Bahari ya Hindi lilipoua matumbawe mengi, huko na huku kwetu Kenya.

Taylor naye, kwa maoni yangu, hakumtazama jirani. Mjini Malé upo msikiti wa Hukuru Miskiy, wa mwaka 1658, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe (nayo yalitolewa baharini, tusisahau). Umenakshiwa maua na maandishi, wala hamna sura hata moja, mfano wa mihrabu za kale za pwani yetu. Angalianzia hapo, polisi wangalikosa sababu, na samaki wangalibaki na makao yao.