Kabla ya kumtusi gavana, mjue diwani wako

Juzi jioni hapa Nanyuki, beste yangu anayeuza mitumba alikuwa akimtusi gavana kwa sababu ya ada anayolipa sokoni. Nikamuuliza, hiyo ada ilipitishwa na nani? Kimya. Halafu: "Si ni kanjo?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapotea njia. Gavana hawezi kujiamulia ada peke yake. Zinaandikwa kwenye Mswada wa Fedha, unapelekwa bunge la kaunti, unasomwa, unaingia kwa kamati, wananchi wanaitwa kutoa maoni, kisha madiwani wanapiga kura. Kamati ndiyo jikoni. Ukumbini kuna maigizo kiasi: spika na joho lake, siwa mezani, kiongozi wa wengi na wa wachache wakirushiana maneno. Hayo mapambo tuliyarithi kwa Waingereza.

Mwili wenyewe ni tofauti, lakini. Kule Uingereza mawaziri hutoka bungeni, na wabunge wakikosa imani na serikali, hata kwa kura moja, imeanguka. Huku gavana tunamchagua sisi, na mawaziri wake hawaruhusiwi kuwa madiwani. Kumng'oa ni kazi. Panda matatu ya kwenda Timau, muda si muda uko Kaunti ya Meru, uwaulize wenyewe. Madiwani wao walimng'atua Kawira Mwangaza Desemba 2022, Seneti ikamwokoa. Wakarudia Oktoba 2023, akaokolewa tena. Agosti 2024 wakapata kura 49 kati ya madiwani 69, na theluthi mbili inayotakiwa ni 46. Safari hii Seneti ikakubali. Bado akaenda kortini, hadi Machi 2025 Mahakama Kuu ilipomkatalia na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa.

Zaidi ya miaka miwili ya vuta nikuvute! Sisemi alionewa au hakuonewa. Nauliza tu: diwani anayehesabu kura za kumwondoa gavana, bajeti anaisoma saa ngapi?

Na bajeti ndiyo nguvu yake kubwa. Makadirio yanafaa kufika bungeni kabla ya Aprili 30 kuisha, na kupitishwa kufikia Juni 30. Katikati hapo ndipo barabara ya mtaa wenu inapata pesa au inaachwa. Katiba, kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi na lishirikishe umma. Sisi tunampima diwani kwa mchango wa matanga na basari. Akitoa, ni mtu poa. Vile alivyopiga kura, hakuna anayejua.

Laikipia ina wadi 15. Beste yangu hakuwa anajua diwani wa wadi yake anaitwa nani. Nikamwambia, mkiitwa kutoa maoni kuhusu huo mswada, funga kibanda siku moja uende, useme ada imezidi.

"Na mauzo ya hiyo siku," akauliza, "atanilipa nani?"

Sikuwa na jibu.