OGame kwa anayeanza: migodi kwanza, vita baadaye

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu tuzungumze kuhusu mchezo. Msinilaumu kwamba nimeacha teknolojia. Mkifika katikati mtaona hesabu zinatosha.

Hapa mtaani Olympic, upande huu wa Kibera matatu zinapogeuzia, kuna vijana kadhaa walioanza kucheza OGame. Wakinikuta huniletea malalamiko mawili. La kwanza: "Kila nikiamka nakuta nimeibiwa." La pili: "Sisi stima inapotea, bando linaisha, hatuwezi kushindana na watu wa Ulaya wanaoshinda mtandaoni." Lalamiko la kwanza ni la kweli na lina dawa. La pili silikubali hata kidogo, na ndilo limenifanya niandike.

Kwa wasioujua, OGame ni mchezo wa kujenga himaya angani. Ulianzia Ujerumani mwaka 2002 na unaendeshwa na kampuni ya Gameforge. Unachezwa ndani ya kivinjari, hauhitaji kompyuta ya maana, na kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maandishi na picha ndogo, hauli bando kama video. Unapewa sayari moja. Juu yake unajenga migodi ya metali na kristali, mtambo wa kuchuja deuteriamu ambayo ndiyo mafuta ya meli, maabara, na karakana ya meli. Majirani zako ni watu halisi, maelfu, nao wanajenga kama wewe. Jambo la kushika ni hili: saa ya mchezo ni saa ya ukutani. Ukizima simu ukalala, migodi inaendelea kuchimba. Na majambazi pia wanaendelea kusafiri.

Michezo ya aina hii ina jina lake, 4X. Jina hilo lilitolewa mwaka 1993 na mwandishi Mmarekani Alan Emrich alipokuwa akiuelezea mchezo wa Master of Orion. Alimaanisha mambo manne: kuchunguza, kupanuka, kuchuma na kuangamiza. Angalieni mpangilio. Kuangamiza kumewekwa mwisho. Sasa mtazameni anayeanza: siku ya pili tu anatafuta meli za kivita. Ameanza na la nne, halafu anashangaa kwa nini hana kitu. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, wala si kwenye stima.

Haya, tuingie kazini. Hesabu zote hapa chini ni za ulimwengu wa kasi ya kawaida na kabla ya nyongeza yoyote. Kuna malimwengu yenye kasi kubwa zaidi, na miaka ya karibuni mchezo umeongezewa mengi, lakini msingi ni huu huu.

1. Nishati kabla ya mgodi

Unaanza na metali 500 na kristali 500. Jenga mtambo wa sola kwanza, kisha mgodi wa metali, kisha urudi kwenye sola. Usiache nishati iingie kwenye hasi. Nishati ikitosha asilimia 70 tu ya mahitaji, migodi yote inashuka hadi asilimia 70, siyo ule mmoja uliouongeza jana. Mtu wa Kibera haitaji kuelezwa sana hapa: waya mmoja ukibebeshwa nyumba nyingi kupita kiasi, taa za wote zinafifia.

Chukua mfano. Mtambo wa sola wa kiwango cha 10 hutoa nishati karibu 519. Mgodi wa metali wa kiwango cha 10 hula karibu 259, na wa kristali wa kiwango hicho hula 259 nyingine. Imekwisha. Mtambo wa deuteriamu wa kiwango cha 10 peke yake hula karibu 519, kwa hiyo usiukimbilie mapema. Mimi napenda metali itangulie kristali kwa viwango viwili hivi, na deuteriamu ifuate nyuma taratibu kadiri unavyohitaji utafiti na mafuta.

2. Ghala likijaa, mgodi unasimama

Hili huwaponyoka wengi. Ghala la mwanzo linabeba 10,000 tu. Mgodi wa metali wa kiwango cha 10 hutoa karibu 778 kwa saa, juu ya zile 30 ambazo sayari hutoa bure. Kwa hesabu hiyo ghala tupu linajaa kwa saa 12 na kidogo. Ukiingia mchezoni mara moja kwa siku, karibu nusu ya siku mgodi wako umekaa bure. Ghala la kiwango cha 1 linagharimu metali 1,000 na linabeba 20,000. Ni pesa ndogo kwa faida kubwa.

Hata hivyo, ghala kubwa si ruhusa ya kulimbikiza. Anayekuvamia na kushinda huondoka na nusu ya kilichopo kwa kawaida, na kuna wanaoweza kuchukua zaidi. Dawa ya lile lalamiko la kwanza inaanzia hapo: kabla ya kulala, tumia ulichonacho. Kilichokwisha kuingia kwenye mgodi hakiibiki.

3. Nunua mabehewa, siyo bunduki

Meli ndogo kabisa ya kivita inagharimu metali 3,000 na kristali 1,000, na inabeba mzigo wa 50. Siyo elfu hamsini, ni hamsini! Meli ndogo ya mizigo inagharimu metali 2,000 na kristali 2,000, na inabeba 5,000. Ukijumlisha, kila moja ni 4,000. Kwa hiyo mwenye 40,000 anaweza kununua meli kumi za kivita zitakazomletea 500, au meli kumi za mizigo zitakazomletea 50,000. Nawaachia mchague.

Mtauliza, meli za mizigo zitamshambulia nani? Zitakwenda kwa watoro. Mchezaji asiyeingia kwa siku 7 huwekwa alama, lakini migodi yake haijui kwamba mwenyewe hayupo. Inachimba tu. Tuma chombo cha kupeleleza, ambacho ni kristali 1,000, usome ripoti. Ukiona hana ulinzi wala meli, peleka mizigo. Hakuna anayeumia, na wewe unakua. Hii ndiyo kazi ya mwezi wa kwanza. Kupigana na jirani aliye macho ni kazi ya baadaye.

4. Usilaze meli uwanjani

Meli iliyo angani haiwezi kushambuliwa ikiwa sayarini. Wakongwe wote wanalala kwa kanuni hii moja. Saa nne usiku, kabla hujaweka simu chini, pakia rasilimali zilizobaki kwenye meli, zitume safari kwa mwendo wa asilimia 10 au 20, na upange zirudi saa kumi na mbili asubuhi ukiwa umeshaamka. Mwendo mdogo hula mafuta kidogo, kwa hiyo hata gharama si kubwa. Jambazi akija usiku atakuta uwanja mtupu na atakuwa amechoma deuteriamu yake bure.

Hapa sasa ndipo nawajibu wanaolia kuhusu stima. Kanuni hii haitaki uwe mtandaoni, inataka ujue utarudi lini. Ikiwa eneo lenu hukatiwa stima jioni, usipange meli zirudi jioni. Ziongezee saa mbili za tahadhari. Mtu wa Ulaya mwenye intaneti mchana na usiku hana sababu ya kujifunza kupanga namna hii, na siku akisinzia, meli zake ziko uwanjani. Aliyezoea maji ya mtungi anajua kuyapima.

Na ukisafiri kwenda ushago Desemba, washa hali ya likizo. Uzalishaji unasimama, lakini hakuna anayeweza kukushambulia. Itakubali tu kama huna meli angani, kwa hiyo usingoje mpaka uwe ndani ya basi.

5. Jua wakati wa kufungua sayari ya pili

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kama mwandishi wa programu. Uzalishaji wa mgodi wa metali kwa saa ni 30 × k × 1.1 kwa kipeo cha k, ambapo k ni kiwango. Gharama nayo huzidishwa kwa 1.5 kila kiwango. Fungua programu ya majedwali ukaweke kanuni hizi mbili, uone zinavyokimbizana.

Kutoka kiwango cha 10 kwenda 11 unalipa metali 3,459 na kristali kidogo. Unaongeza karibu 163 kwa saa. Kwa upande wa metali, umerudisha pesa kwa saa 21 hivi. Vizuri sana.

Kutoka 20 kwenda 21 unalipa metali 199,515. Unaongeza karibu 626 kwa saa. Kurudisha metali hiyo ni saa 319, yaani zaidi ya siku 13, na kristali hatujaihesabu.

Mgodi ni ule ule na kitufe ni kile kile, lakini biashara ni tofauti kabisa. Kabla hujafika huko, pesa zako zina faida zaidi kwenye sayari mpya ambapo viwango vya chini bado ni rahisi. Meli ya makazi inagharimu metali 10,000, kristali 20,000 na deuteriamu 10,000, na lazima kwanza ufanye utafiti wa astrofizikia. Mama mboga anayeuza vizuri hapa stejini harefushi meza yake mpaka ifike Ayany. Anafungua meza ya pili kwingine.

6. Mkicheza saiba, someni kanuni

Hili ni zito kwa watu wa mtaa kama wetu. Kanuni za OGame zinakataza mtu mmoja kuwa na akaunti mbili katika ulimwengu mmoja. Sasa saiba yenye kompyuta kumi mara nyingi huonekana kwa seva kama anwani moja ya mtandao. Vijana watano wakicheza hapo ulimwengu mmoja, kwa seva wanaweza kufanana na mtu mmoja mwenye akaunti tano, na wakitumiana mizigo shaka inazidi. Kufungiwa akaunti ya miezi kadhaa kunauma. Mwandikieni msimamizi wa ulimwengu wenu mapema mumweleze kwamba mnatumia mtandao mmoja, na msitumiane meli mpaka mmejibiwa. Kama hamtaki usumbufu, kila mmoja achague ulimwengu wake.

Na nyinyi mnaojua kuandika programu, najua mnachowaza: hati fupi ya kuingia na kujenga yenyewe usiku. Imekatazwa pia, na wenye seva wana njia za kuigundua. Andikeni kikokotoo cha gharama badala yake. Hakifungiwi na mtu, na kitawafunza zaidi.

7. Pesa yako ibaki mfukoni

Mchezo ni wa bure, lakini una sarafu iitwayo Dark Matter inayouzwa kwa pesa halisi. Kidogo hupatikana pia kwenye safari za kuchunguza anga. Sarafu hiyo inaweza kufupisha muda wa ujenzi na kukodi maofisa wa kukusaidia. Mimi sisemi ni wizi, kwani mwenye seva naye ana bili za kulipa. Ila kwa anayeanza nasema usinunue. Kasi ya kununua haitakufunza kusawazisha nishati, wala haitaondoa meli zako uwanjani ukilala. Utakuwa umejenga haraka kile kitakachoibiwa kesho. Cheza miezi mitatu bila kutoa shilingi. Ukiona bado unaupenda na una ziada, amua mwenyewe.

Muda nao ni pesa. Kukesha saiba ukitazama tarakimu za ujenzi zikirudi nyuma si kucheza, ni kulipia saa ya ukutani ya mtu mwingine. Ingia asubuhi, mchana na usiku, dakika kumi kumi: jenga, tuma, toka. Anayefanya hivyo kila siku atampita anayekesha Jumamosi na kupotea wiki nzima. Shule na kazi vitabaki salama pia.

Kwa hiyo nikirudi kwenye lile lalamiko la pili, ndugu zangu, jibu langu ni hapana. Mchezo huu haumpi ushindi mwenye intaneti ya kasi. Unampa aliyejua meli zake ziko wapi saa nane za usiku na mgodi wake utarudisha pesa lini. Hayo mtu anaweza kuyapanga kwa kalamu nyuma ya daftari, stima ikiwa imepotea.

Mkiwa tayari na jedwali lenu la gharama, nileteeni tulinganishe. Nami wakati mwingine nitaandika jinsi ya kukitengeneza kikokotoo hicho hatua kwa hatua. Kwa leo naishia hapa. Mgodi mwema!