Geita haikuanza na dhahabu

Historia ya madini ya Geita husimuliwa kwa miaka mitatu: 1898, Wajerumani walipogundua dhahabu; 1936, mgodi wa enzi ya Mwingereza ulipoanza uzalishaji; na 2000, mgodi mkubwa wa sasa ulipofunguliwa. Katikati, tangu mgodi ule wa kwanza ulipofungwa mwaka 1966, hutajwa mchimbaji mdogo, mara nyingi kwa jina la mvamizi. Masimulizi haya yamemruka mtu muhimu. Kabla Mjerumani hajafika, mawe ya nchi hii yalikwisha kuwa na watu wa kuyachimba, wenye utaratibu wao wa kazi. Na kinachosahaulika kirahisi ni kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita imo ndani ya miamba ya chuma yenye mistari, kwa hiyo habari ya dhahabu haitengani na ya chuma.

Wachimbaji hao wa kabla ya Mjerumani ni Warongo, wayeyushaji chuma wa Uzinza, katika eneo ambalo leo ni Geita na Biharamulo. Upande wa Kahama nako kazi hiyo ilikuwapo. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuihusu mwaka 1943. Mtafiti Peter Schmidt, aliyefanya kazi na wazee wa Kirongo miongo kadhaa baadaye, anaeleza kundi lililochanganya makabila, lililounganishwa na kazi kuliko damu. Kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, walipiga kambi msituni, karibu na mawe na miti. Kuchimba kulikuwa mwanzo tu wa jasho. Miti ilikatwa, mkaa ukachomwa, mirija ya udongo ikafinyangwa ya kupitishia hewa tanurini, kisha mivukuto ya ngozi ikavukutwa kwa zamu saa nyingi mfululizo, maana mikono ikilegea joto linashuka na kazi yote inaharibika. Kilichotoka kilikuwa bonge lenye takataka za mawe, la kupondwa na kufuliwa tena na tena hadi lipatikane jembe. Majembe hayo yalifika Usukuma na Unyamwezi, yakalimia mashamba na kutolewa mahari. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila mgawanyo wa majukumu, mafunzo ya muda mrefu na makubaliano ya nani apate nini.

Yupo atakayesema ninawapamba. Kweli, watemi walidai ushuru wa majembe, miiko iliwaweka wanawake mbali na tanuri, na mkaa ulikula misitu. Sidai kwamba kambi ya Warongo ilikuwa pepo ya mfanyakazi. Ninachodai ni kwamba ilikuwa na kanuni, na penye kanuni pana kitu cha kurekebisha. Mtu aliyekwisha kuitwa mvamizi hana cha kurekebishiwa, huondolewa tu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kijana anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, huko Nyarugusu mkoani Geita leo huenda hana nasaba yoyote na Warongo, na kwamba chuma chao kiliuawa na majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya, si na serikali. Nasaba siihitaji, kwa sababu sitafuti hati ya ardhi kwa damu. Kuhusu soko, nakubali kwamba bei ilifanya kazi kubwa. Lakini bei haikulazimisha ujuzi ule uhesabiwe kuwa si kitu. Sheria za kikoloni ziliyaweka madini mikononi mwa dola na kumtambua mchimbaji kwa mtaji wake, na mazoea hayo yalidumu kuliko bendera. Yalionekana kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu mwaka 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa kupisha mgodi.

Tumepiga hatua, na si haki kuificha. Leseni ndogo zipo, na mwaka 2019 serikali iliwafutia wachimbaji wadogo baadhi ya kodi na kufungua masoko ya madini, Geita ikiwa ya kwanza. Hata hivyo masoko hushughulika na dhahabu ikishapatikana. Ndani ya duara, mgawo wa viroba vya mawe kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji bado kwa kawaida ni maelewano ya mdomo, na anayeshika sululu ndiye mwenye sauti ndogo. Serikali iutambue mgawo huo kwa maandishi, kama mkataba wa kazi, na ianze kwa kuwauliza wachimbaji wenyewe wanavyogawana badala ya kuwaletea fomu iliyokwisha kuchapwa. Kuhusu historia, makumbusho ya Bujora nje kidogo ya Mwanza yameihifadhi nyumba ya mhunzi. Geita ina maonesho ya teknolojia ya madini kila mwaka; waandaaji wajenge hapo tanuri la Warongo, waliwashe, na wamkaribishe mchimbaji mdogo alieleze kwa wageni.