Mali Bila Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hupendwa na wenye maduka, nasi wengine tumewaachia. Hapa twataka kuitoa dukani na kuiweka katika utamaduni wa taifa, kwani taifa nalo lina mali yake, nayo ni kumbukumbu. Lina na daftari lake, nalo ni nyaraka na makumbusho. Lakini daftari halijiandiki lenyewe. Lahitaji mtunzaji aliyefunzwa, aipendaye kazi yake na aheshimiwaye kwayo. Mtunzaji huyo ndiye tunayemtetea.

Twamtetea kwa sababu anadharauliwa. Katika ofisi nyingi masjala ni chumba cha nyuma chenye giza na vumbi. Mtumishi akikosana na wakubwa hupelekwa masjala. Kijana akikosa nafasi kwingine huambiwa ajaribu masjala. Shuleni, mwanafunzi akiulizwa atakuwa nani, hutaja udaktari, uhandisi au uanasheria. Hataji uhifadhi wa makumbusho wala utunzaji wa nyaraka, maana hakuna aliyemweleza kwamba kazi hizo zipo na zina elimu yake.

Hasara ya dharau hiyo haiko mbali nasi tulio Kinyangiri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kinachotoa hati za hakimiliki ya kimila kiwe na masjala ya ardhi. Basi hati ya mjane mwenye shamba lake la alizeti ina nguvu kwa kadiri daftari la kijiji linavyotunzwa. Mchwa wakila daftari, wamekula na ushahidi wa shamba. Ni nani basi atakayesema kwamba kulilinda daftari hilo ni kazi ya walioshindwa?

Hayo ni ya ardhi. Ya utamaduni ni mazito zaidi. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alizunguka nyanda za Ziwa Eyasi, kaskazini mwetu. Msafara wake ulichimba katika pango la Mumba. Yeye akaketi na Waisanzu na Wahadzabe akiandika ngano zao. Vitu vingi vilivyochimbwa vilikwenda Ujerumani, na ngano zile zikachapwa kwa Kijerumani. Hivyo mjukuu wa msimulizi, akitaka kuisoma hadithi ya babu yake, hana budi kujifunza kwanza lugha ya mgeni. Hatumlaumu mgeni kwa kuandika. Twajilaumu sisi tuliokuwa na lugha, wazee na usiku mrefu wa kusimulia, tukangoja mwingine alete kalamu.

Lakini mali iliyokwenda huweza kurudi, ikiwa yupo wa kuidai na kuipokea. Fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lilirejeshwa nchini mwaka 1965, kwa kuwa palikuwapo makumbusho ya kulitunza. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 kilirudi kutoka Uswisi mwaka 2010. Mwenye kudai sharti aweze kusema: kitu hiki kilikuwa changu, kilikaa mahali fulani, nacho kilitoweka siku fulani. Asiyeweza kusema hivyo hupiga kelele tu, na kelele hazijapata kurudisha kinyago.

Wapo watakaotupinga. Wa kwanza watasema makumbusho ni ya watalii. Kama ni hivyo, kosa ni letu tusiokwenda. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kina nyumba za makabila mbalimbali ya nchi hii. Mwanafunzi anayeingia humo hujifunza jinsi jirani yake alivyojenga, alivyohifadhi nafaka na alivyolala. Hilo ni somo la umoja kabla ya kuwa biashara.

Wa pili watasema kompyuta imemaliza kazi hiyo. Kompyuta hunakili karatasi iliyookolewa. Haiokoi iliyokwisha kuoza. Tena ukiionyesha picha ya mzinga wa nyuki wa Kinyiramba, haitakuambia ni nani aliyeuchonga, kwa mti gani, na ulitundikwa kwa desturi ipi, ila kama mtu alikwisha kumwuliza mzee na kuandika.

Wa tatu watasema nafasi za kazi ni chache. Neno hilo ni kweli, nasi hatulikatai. Lakini uchache wa nafasi haumfukuzi mwenye ujuzi mpana. Humfukuza mwenye ujuzi mmoja. Ajuaye kupanga majalada peke yake atashindana na wengi. Ajuaye pia kupambana na mchwa na unyevu, kurekodi sauti za wazee, kupiga na kutunza picha, kuandaa maonyesho, kutumia kompyuta na kuisoma Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, huyo atatafutwa. Akiongeza Kijerumani, majalada ya enzi ya Wajerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa yatamfungukia. Na kijana wa Kinyangiri anayo tayari elimu moja ambayo profesa mgeni huitafuta kwa miaka: anaielewa lugha ya bibi yake.

Njia ipo. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi hapo Singida mjini. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na nyaraka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu ya mambo ya kale. Aanzaye na cheti anaweza kupanda hadi stashahada na shahada, mradi asikubali kusimama.

Kwenu walimu, msingoje bajeti. Tengeni kabati moja darasani. Kila mwanafunzi alete kitu kimoja cha zamani kwa idhini ya mwenyewe, aandike jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, aliyekitengeneza, mahali kilikotoka, matumizi yake na jina la aliyekitoa. Kisha akipe namba na kuiandika daftarini. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kazi ya mhifadhi popote duniani.

Nanyi wakubwa wa ofisi, acheni kuifanya masjala kuwa jela ya watumishi. Mpelekeni huko aliyesoma, mwongezeeni masomo, mpandisheni cheo kwa haki yake.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akayaweka mambo hayo mawili chini ya paa moja. Sisi tusiyatenganishe. Utamaduni usio na vijana wa kuuandika utakwenda kaburini pamoja na wazee, nasi tutabaki kuuliza habari zetu kwa watu wa mbali.