Mwenye Sura Aone Kwanza

Nina neno na watu wawili. Wa kwanza ni mgeni anayeshuka kwenye gari jeupe akiwa na kamera shingoni. Wa pili ni kijana mwenzangu wa hapa hapa Kakuma, mwenye simu iliyopasuka kioo na bando la siku moja. Wanadhani hawafanani. Mmoja amevaa vesti ya shirika, mwingine amevaa ndala. Lakini tabia yao ni moja: wanapiga picha ya mtu, wanaondoka nayo, na mwenye sura haioni tena. Neno langu kwao pia ni moja, na nitalirudia mpaka liwachoshe: mwenye sura aone kwanza.

Mimi nafanya kazi na vijana. Kila wiki nakaa na wavulana na wasichana wanaotaka kujifunza kupiga picha, kuchukua video na kutafuta habari kwa simu. Wengi hawajawahi kushika kamera kubwa, na kwa kazi hii hawaihitaji. Wanahitaji simu iliyo na chaji, kitambaa safi cha kufuta lensi, na adabu. Ile ya tatu ndiyo ngumu kupatikana, kwa wageni na kwa sisi wenyewe.

Simu hapa si kitu cha starehe. Mwaka 2015 sehemu ya mgao wa chakula ilianza kupita kwenye simu, kwa mpango wa Bamba Chakula. Kwa simu ndiyo tunajua nani bado yuko hai Uvira, Bujumbura au Juba. Mtu anayekula kwa simu na kuomboleza kwa simu, utamwambiaje kwamba simu hiyo haina ruhusa ya kueleza maisha yake?

Lakini ndivyo tunavyoambiwa. Siku ya mgao mlinzi anasema tuweke simu mfukoni, eti ni usalama. Sawa, tunaweka. Baada ya muda linaingia gari la wageni. Wanashuka na kamera mbili, tatu, wanapiga foleni ile ile, sura zile zile, watoto wale wale. Hapo husikii mtu akitaja usalama. Hili nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Kama picha ni hatari, basi ni hatari hata ikipigwa na mgeni. Kama si hatari, mbona tunakatazwa sisi?

Najua jibu la wakubwa, na si jibu la kipumbavu. Humu kambini kuna watu wanaowindwa. Kuna mwanamke aliyemkimbia mume, kuna kijana aliyetoroka kundi lenye silaha, kuna mtu ambaye hata ndugu zake hawatakiwi kujua yuko wapi. Picha moja inaweza kumfichua. Kweli kabisa. Sasa niulize: nani anawajua watu hao? Mgeni wa siku mbili hajui kwamba kile kitenge kinatambulika mtaa mzima. Hajui kwamba namba ya bloku iliyoandikwa mlangoni ni anwani. Hajui kwamba ukiziba uso ukaacha sauti, shangazi yake mtu atamtambua kwa neno la kwanza. Sisi tunajua, kwa sababu tunaishi naye. Kwa hiyo kama hoja ni usalama, hoja hiyo inataka mwenyeji wa kambi awe na sauti kubwa zaidi juu ya picha. Haimwambii anyamaze.

Mambo haya hayakuanza na sisi. Mwaka 1984 mpiga picha Mmarekani, Steve McCurry, alimpiga picha msichana wa Kiafghani katika kambi ya Nasir Bagh, Pakistan. Juni 1985 picha ikatoka kwenye jalada la National Geographic. Macho yale ya kijani yakajulikana duniani kote. Jina lake, Sharbat Gula, lilikuja kujulikana mwaka 2002, walipomtafuta na kumkuta ni mama wa watoto. Ndipo na yeye akaiona picha yake kwa mara ya kwanza. Miaka 17 dunia ilijua macho ya mtu na haikujua jina lake, wala yeye hakujua dunia inamtazama. Kama ile picha maarufu kuliko zote za mkimbizi ilikuwa hivyo, zako na zangu zilizopigwa hapa tangu kambi ianze 1992 ziko wapi?

Nitataja moja. Mama mmoja wa bloku yetu, mtu wa Uvira, alipigwa picha akitoka bombani na dumu la maji. Wakamwambia ni ya ripoti. Wakampa karatasi ya Kiingereza, akaweka dole gumba. Miezi ikapita. Mpwa wake aliyeko Nairobi akaiona picha ile mtandaoni, na chini yake maneno kwamba mama huyu alikimbia baada ya kubakwa. Mama hakuwahi kusema hivyo kwa mtu yeyote. Picha ikazunguka kwenye simu za ukoo hadi ikafika nyumbani kwa wakwe zake. Akaniita akaniuliza, "Mutoto yangu, ile foto walipelekaka wapi? Na ile maneno, nani aliwaambiaka?" Nilizunguka naye ofisi moja hadi nyingine kutafuta nani anaweza kuiondoa. Kila meza ilitutuma meza nyingine. Dole gumba liliwekwa kwa dakika moja. Kulitoa ilikuwa kazi ya majuma, na mpaka leo halijatoka.

Kwa hiyo nisikie mtu akiniambia "alisaini"? Alisaini nini? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini iliyo wazi, ya hiari, ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Inasema pia kwamba mtu akishatoa idhini anaweza kuiondoa. Mtoto anahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Msidhani sheria hii ni ya kupamba kabati. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila ruhusa yake. Kama mtu aliyekwenda klabu kujistarehesha ana haki juu ya sura yake, mama aliyekwenda bombani kuchota maji je?

Wengine watasema sheria hizo ni za Wakenya. Hapana jamani. Someni Katiba ya 2010. Kifungu cha 31 kinatoa haki ya faragha kwa kila mtu. Kifungu cha 33 kinatoa uhuru wa kujieleza kwa kila mtu. Hakijaandika kila raia. Mkimbizi ni mtu. Yaani nina haki ya kukataa kupigwa picha, na nina haki ya kupiga picha nikaeleza ninachokiona. Kambini tumenyimwa zote mbili: tunapigwa bila kuulizwa, na tunapotaka kupiga tunazuiwa.

Kuna hoja nyingine, na hii ndiyo inayonikera zaidi. Wanasema mfadhili asipoona machozi hatoi. Kama picha ya mtoto mwenye machozi ingekuwa inaleta chakula, Kakuma ingekuwa imeshiba zamani. Tumepigwa picha miaka zaidi ya 30. Hata hivyo mwaka 2025 mgao ulikatwa, watu wakaandamana. Machozi yetu yamejaa kwenye maghala ya picha huko Ulaya na Marekani, na sufuria bado iko tupu. Kitu ambacho mfadhili hajakiona kwa wingi ni mkimbizi anayeuliza maswali kwa jina lake mwenyewe: maji yamekatika kwa nini, lini, nani anahusika, amejibu nini. Hiyo ndiyo habari. Machozi peke yake hayamwambii mtu bomba gani litengenezwe.

Sasa wewe kijana mwenzangu, usipige makofi bado. Zamu yako imefika.

Nyumba ikishika moto, wa kwanza kufika ana simu juu, na ndoo hana. Watu wakipigana, tunazunguka kama uwanja wa mpira tunarekodi. Msichana akidhalilishwa, video inafika kila bloku kabla ya yeye kufika hospitali. Kuna wanaoingia moja kwa moja TikTok na mgonjwa wa jirani nyuma yao, wakiomba zawadi za watazamaji, na mgonjwa hajui hata kama yuko hewani. Wengine wanachukua picha ya vurugu ya miaka iliyopita, wanaandika "sasa hivi", na mtaa mzima unafunga maduka. Na wenyeji wetu Waturkana? Tunawapiga shanga zao na mifugo yao bila salamu, kama watalii. Tukilalamika kwamba mgeni ametufanya kitu cha kutazamwa, tujiangalie tunavyowatazama waliotupa ardhi.

Usiniambie wewe hujalipwa, kwa hiyo si kosa. Kosa lako linaweza kuwa kubwa kuliko la mgeni. Yeye hajui bloku, hajui jina, hajui adui. Wewe unajua vyote, na simu yako inaweza kuandika mahali picha ilipopigwa ndani ya picha yenyewe. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera. Jua kwamba WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida huondoa taarifa hizo, lakini ukituma kama faili zinakwenda nazo. Haya ni mambo ya dakika mbili kujifunza, na yanaweza kuokoa mtu.

Sisemi haya ili muweke simu chini. Nasema ili muinue vizuri. Behrouz Boochani, mwandishi wa habari Mkurdi wa Iran, alifungiwa na Australia katika kisiwa cha Manus. Kwa simu aliandika kitabu kizima, ujumbe baada ya ujumbe wa WhatsApp, na kwa simu akapiga kwa siri filamu iliyotoka 2017. Mwaka 2019 kitabu hicho kilishinda tuzo kubwa ya fasihi ya jimbo la Victoria, na mwenyewe bado hakuruhusiwa kukanyaga Australia. Hassan Fazili, mtengeneza filamu wa Afghanistan, alirekodi safari ya ukimbizi ya familia yake kwa simu tatu, ikawa filamu ya Midnight Traveler mwaka 2019. Humo anasimulia kwamba binti yake alipopotea, wazo la kurekodi lilimjia, akajichukia kwa wazo hilo. Hakurekodi. Huyo ndiye mwalimu ninayewapa vijana wangu: mtu aliyerekodi karibu kila kitu na bado akajua wapi pa kuacha. Na hapa kwetu, KANERE lilianzishwa na wakimbizi wa Kakuma mwaka 2008, kabla wengi wenu hamjajua kusoma. Kwa hiyo msiambiwe kwamba kazi hii imeletwa na semina ya juzi.

Madai yangu ni haya, na hayahitaji bajeti.

Kwanza, amri iwe moja. Simu ikikatazwa kwenye mgao, kamera ya mgeni ikatazwe pia. Kamera ya mgeni ikiruhusiwa, simu yetu iruhusiwe, kwa sharti lile lile: hakuna sura bila idhini.

Pili, idhini ielezwe kwa mdomo, kwa lugha ya mtu mwenyewe, na aachiwe namba ya simu ya kupiga akibadili nia. Namba ipokelewe. Foleni ya chakula si mahali pa kuomba idhini, kwa sababu mwenye njaa hawezi kumkatalia anayedhani ndiye mwenye mahindi.

Tatu, mwenye sura aone kwanza, picha pamoja na maneno yatakayoandikwa chini yake, na asomewe kama hawezi kusoma. Mtasema hakuna muda. Kugeuza skrini kumwonyesha mtu kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta mwanga mzuri. Halafu apewe nakala. Picha ya harusi huwa tunapewa, ya shida kwa nini tusipewe?

Nne, kijana wa kambi anayewapigia picha mashirika aandikwe jina lake kama anataka, na alipwe kwa kazi. Ile posho mnayoiita insentivi haiwezi kununua hata kava ya simu mliyomwomba atumie.

Na wewe kijana: uliza kabla ya kubonyeza. Thibitisha kwa watu wawili kabla ya kutuma. Penye maiti, penye damu na penye mtoto aliye uchi, weka simu mfukoni utumie mikono.

Wakubwa wa mashirika, nafasi yenu ya kujibu ipo katika toleo lijalo la jarida hili. Jibuni hoja moja moja. Jibuni kwa Kiswahili, ili yule mama wa dumu la maji naye asomewe akiwa amekaa mlangoni kwake, na akiwa na swali, aulize.