Gitaa la zamani lilikuwa bei gani? Na nani alilinunua?

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa sababu za kawaida za huku Wasso: mtandao, umeme na kazi, mpangilio huwa unabadilika. Leo nina mada ambayo baadhi yenu mtasema imetoka wapi. Nivumilieni kidogo.

Sisi watu wa mpakani tumelelewa na redio za Kenya kuliko tunavyopenda kukiri. Ndiyo maana ukikaa kijiweni hapa mjini utakuta kijana wa Kimasai mwenye shahada yake ya chuo kikuu anamjua Don Williams kuliko anavyomjua Salum Abdallah. Katika nyimbo za namna ile kuna sauti moja inayoteleza na kulia kama mtu aliyefiwa. Juzi likazuka swali, lile chombo linalolia hivyo lilikuwa linauzwa shilingi ngapi lilipokuwa jipya dukani? Jamaa mmoja akajibu kwa kujiamini kabisa, "Zamani vitu vilikuwa bei rahisi bwana." Wote wakaitikia.

Mimi sikuitikia.

Kwa asiyelijua, lile ni gitaa la pedali. Halishikwi kifuani. Linasimama kwa miguu yake kama meza nyembamba, mpigaji anakaa kwenye kiti, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi (mara nyingi 10), mkono wa kulia unadonoa, miguu inakanyaga pedali na magoti yanasukuma vyuma vya chini. Pedali zinauvuta uzi huku bado unalia, kwa hiyo sauti inapanda na kushuka bila kukatika. Kampuni ya Gibson ilijaribu kutengeneza la aina hiyo kabla Marekani haijaingia kwenye Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita akaja fundi mmoja wa California, Paul Bigsby, aliyemtengenezea Speedy West lake mwaka 1948. Halafu mwaka 1954 Bud Isaacs akalipiga kwenye wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly", na baada ya hapo kila mpigaji wa country akalitaka.

Shida ni kwamba Bigsby alikuwa anatengeneza kwa mkono, kwa oda. Watu walikuwa na hela mfukoni na bado walipanga foleni ya kusubiri. Kwa hiyo tangu mwanzo bei iliyoandikwa haikuwa gharama yote.

Hili sisi wa Ngorongoro hatuhitaji kufundishwa na Mmarekani. Mwaka 2011 kikombe cha Babu kule Samunge kilikuwa shilingi 500. Mia tano tu! Muulize aliyetoka Mwanza au Dar na mgonjwa wake, akalala garini siku kadhaa kwenye foleni, akanunua maji na chakula kwa bei ya porini, kile kikombe kilimgharimu shilingi ngapi. Hatakuambia mia tano.

Tukitaka namba za kupimia, twende kwa ndugu wa hilo gitaa, yaani gitaa la kawaida la umeme ambalo bendi zetu zililipiga. Gibson Les Paul ilipotoka mwaka 1952 bei yake ilikuwa dola 210. Fender Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa dola 249.50 ikiwa na mkono wa kutetemesha sauti, na sanduku lake dola 39.95 nyingine. Leo Les Paul za miaka ya 1958 hadi 1960 zinauzwa kwa malaki ya dola, na mwaka 2019 Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd ilipigwa mnada kwa dola 3,975,000. Ukiziweka namba hizo pamoja unaanza kumlaumu babu yako kwa kutonunua.

Haya, tumtetee babu kwa hesabu. Kima cha chini cha mshahara Marekani mwaka 1954 kilikuwa senti 75 kwa saa. Mfagia ghala wa Chicago akifanya kazi saa 40 kwa wiki anapata dola 30, kwa hiyo Stratocaster ni wiki nane na kidogo za jasho lake. Si rahisi, lakini anaweza kujibana au kukopa.

Sasa njoo huku. Wakati ule shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa 20 kwa pauni moja na pauni ilikuwa dola 2.80, yaani dola moja ni shilingi 7 na senti 14. Gitaa la dola 249.50 linakuwa kama shilingi 1,780, bila meli, bila ushuru, bila faida ya mwenye duka. Mwaka 1963 Tanganyika ilipanga kima cha chini cha mshahara kwa Dar es Salaam kuwa shilingi 150 kwa mwezi, na hiyo ilikuwa nyongeza iliyoshangiliwa. Gawanya mwenyewe. Ni mshahara wa miezi kumi na miwili, hukula, hukupanga chumba, hukumtumia mama hata senti, na hapo nimechukulia kwamba bei ile ya 1954 haikupanda. Na gitaa la umeme bila ampulifaya ni ubao tu wenye nyuzi.

Huku kwetu ukimtajia mzee bei ya kitu kikubwa anakuuliza, "Ni ng'ombe wangapi?" Watu wa mjini mnacheka, lakini ndiyo njia sahihi ya kusoma bei ya zamani. Bei bila kipimo cha jasho la mtu ni tarakimu tu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tufike. Kama gitaa lilikuwa mshahara wa mwaka mzima, mbona miaka ya sitini na sabini nchi hii ilijaa wapiga magitaa? Tabora walikuwepo, Morogoro walikuwepo, Tanga kulikuwa na Atomic na Jamhuri wakishindana mpaka mji unagawanyika. Kina Mbaraka Mwinshehe walilitoa wapi?

Jibu ni kwamba wengi wao hawakulinunua. Mwanzoni bendi zilikuwa klabu, wanachama wanachanga, vyombo ni vya klabu. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944, zama ambazo hakuna mfanyakazi mweusi wa kawaida angeweza kununua saksafoni peke yake. Baada ya uhuru mchango ukachukuliwa na mashirika. NUTA, chama cha wafanyakazi, kikaanzisha bendi yake mwaka 1964, ndiyo hii ambayo baadaye ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikaanzisha Urafiki Jazz mwaka 1970, kiwanda kikanunua vyombo na wanamuziki wakaajiriwa kama wafanyakazi wa kiwanda. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, Bima ya Taifa ilikuwa na bendi. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafirishaji na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC.

Halafu kumbukeni fedha za kigeni. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara ya kuagiza vitu nje iliingia mikononi mwa serikali, na miaka ilivyokwenda dola zikawa adimu kuliko sukari. Hata ungekuwa na shilingi zako 10,000 chini ya godoro, ungezipeleka wapi zigeuke kuwa gitaa? Shirika lilikuwa na mlango wa kugonga. Wewe hukuwa nao. Mpaka ile bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje ndipo watu binafsi walipoanza kupumua.

Nina ndugu zangu wanaoukumbuka mfumo ule kwa machozi ya furaha. Mshahara upo, vyombo vipo, mazoezi ni saa za kazi. Kijana mwenye kipaji toka kijijini anapewa gitaa la mshahara wa mwaka mzima na mtu wa kumfundisha kama King Michael Enock juu yake. Mimi pia nakubali kwamba bila mashirika yale tusingekuwa na nusu ya muziki tunaojivunia.

Lakini jioni ikifika gitaa linarudi stoo. Hilo halisemwi sana. Mpiga solo akigombana na meneja anaondoka na vidole vyake tu. Bendi ikifa, vyombo vinabaki kwa mwenye navyo. Ndiyo maana historia ya dansi yetu ni ya watu kuhamahama kumfuata mwenye vyombo. Tunaita usaliti, mashabiki wanazomea, kumbe mtu anafuata zana za kazi yake. Fikirieni fundi seremala ambaye hajawahi kumiliki randa.

Marijani Rajabu, Jabali la Muziki mwenyewe, alifariki mwaka 1995, na siku zake za mwisho alikuwa anauza kanda zake kwenye kibanda mtaani. Muhidin Gurumo aliimba zaidi ya miaka 50, alipostaafu mwaka 2013 akapewa gari na Diamond Platnumz, kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati NUTA Jazz inatamba. Nchi nzima ikapiga makofi. Mimi nilipiga makofi nikiwa na aibu kidogo.

Tuje leo. Gitaa la Kichina la kujifunzia pale Kariakoo halifiki mshahara wa mwezi mmoja wa kima cha chini cha serikali, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000. Kutoka mwaka mzima hadi chini ya mwezi! Kwa hesabu hiyo kila mtaa ungekuwa na bendi. Badala yake, hapa Wasso gitaa utalikuta kanisani, na mara nyingi lina nyuzi nne. Uzi ukikatika hakuna duka la karibu, unasubiri mtu anayetoka Arusha, na kutoka Arusha kuja huku mnakujua (lami ya Waso–Sale ni nzuri, ila ni kilometa 49 tu, safari yote iliyobaki tunamshukuru Mungu tukifika). Nimeona kijana amefunga waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi wa sita. Linalia, lakini linakata vidole.

Kwa hiyo bei imeshuka na kile kilichokuwa kinazunguka bei kimeondoka, mwalimu, muda wa mazoezi, mtu wa kununua nyuzi. Naye aliyebaki na kipaji chake anarekodi kwa kinanda cha kwenye kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta, ila tusijidanganye kwamba kila mmoja amechagua.

Pendekezo langu ni dogo. Halmashauri zote nchini zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi mwaka 2024. Vijana wanaopewa pikipiki hatuoni ajabu, pikipiki ni kitendea kazi. Basi na gitaa la besi, ampulifaya na seti ya nyuzi za akiba viandikwe kwenye orodha ileile, kwa masharti yaleyale, na kikundi kikimaliza deni vyombo viwe vyao. Si vya diwani, si vya chama, si vya mfadhili. Vyao, kwa risiti.

Najua kuna atakayesema muziki haulipi mkopo. Inawezekana. Pikipiki nazo nimeziona zikiwa vyuma chakavu nyuma ya nyumba kabla deni halijafika nusu, na hakuna aliyefuta pikipiki kwenye orodha.

Ninaomba hasa mliopiga au wazazi wenu waliopiga kwenye bendi za mashirika mnisaidie hapa: siku ya mwisho ya kazi, kuna aliyeruhusiwa kuondoka na gitaa lake?