Kifuko cha Tegu Mgongoni: Madai Matano Yasiyo na Mashiko

Mtu akianza kulalamikia mgongo Kakamega, washauri hawakosekani. Huyu atasema ni baridi, yule atasema karogwa, wa tatu atamtuma dukani akanunue dawa ya minyoo. Mara nyingi ni uchovu wa jembe tu. Lakini yapo maradhi ambayo ushauri wa namna hiyo humpotezea mgonjwa miguu, na mojawapo ni hidatidi ya mifupa: vifuko vya maji vya tegu wa mbwa, Echinococcus granulosus, vinavyoota ndani ya mifupa, kama mbavu na pingili za uti wa mgongo. Ni nadra. Wagonjwa wengi wa hidatidi huwa na kifuko kwenye ini au mapafu. Wenye kifuko mfupani hawazidi wanne katika mia, na karibu nusu yao ni wa uti wa mgongo. Kwa kuwa wachache wameuona, uvumi umeshika nafasi ya elimu.

Dai la kwanza: "Huo ni ugonjwa wa Waturkana."
Turkana ilijulikana duniani kwa ugonjwa huu, hilo halina ubishi. Watafiti wa miaka ya 1980 walikadiria kuwa kaskazini magharibi mwa eneo hilo watu zaidi ya 200 kwa kila 100,000 walihitaji kupasuliwa kila mwaka, na mwaka 1983 shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kuudhibiti. Lakini tegu hajui kabila. Anachotaka ni mbwa, na mnyama wa kuchinjwa. Barabara inayopita mjini Kakamega ndiyo hiyohiyo iendayo Webuye, Kitale hadi Lodwar, na inapitisha watu na mifugo. Isitoshe, kifuko hukua polepole kwa miaka mingi. Aliyemeza yai la tegu akiwa mtoto huko aweza kuugua akiwa mzee huku. Swali la maana si "wewe ni wa kabila gani?" bali "umeishi wapi, na mbwa wako alikuwa akila nini?"

Dai la pili: "Unatokana na kula nyama ya nguruwe."
Hapa wamechanganya tegu wawili. Tegu wa nguruwe yupo magharibi mwa Kenya na ana madhara yake makubwa, hasa kwenye ubongo, ila si huyu. Wa hidatidi haingii kwa nyama hata kidogo. Tazama matanga yoyote ya kijijini: kondoo anachinjwa nyuma ya nyumba, mchinjaji anakuta malengelenge ya maji kwenye ini, analikata na kulitupa kando, na mbwa walioketi wakingoja wanalimaliza kabla hajafuta kisu. Mtu aliyekula ini lile asingepata hidatidi. Mbwa ndiye anayeota tegu tumboni. Wiki chache baadaye kinyesi chake kinatoa mayai, yanashika manyoya, udongo, sukumawiki na maji ya kisima. Binadamu humeza mayai, si nyama.

Dai la tatu: "Mgongo ukioza ni TB, meza dawa za TB."
Dai hili lina busara nusu. TB ya mgongo ni ya kawaida zaidi kuliko hidatidi, na daktari anayeifikiria kwanza hakosei. Kosa ni kutofikiria kingine pale mgonjwa anapozidi kudhoofika licha ya kumeza dawa sawasawa. Picha huonyesha tofauti: TB kwa kawaida huharibu diski iliyo kati ya pingili mbili, ilhali hidatidi mara nyingi huiacha nzima na kujaza mfupa vifuko vingi vilivyosongamana. MRI ndiyo huonyesha vizuri zaidi. Kipimo cha damu husaidia, lakini kikitoka safi hakiufuti ugonjwa wa mfupani.

Dai la nne: "Dawa ya minyoo inatosha, au avutwe maji kwa sindano."
Albendazole ndiyo dawa yenyewe, kweli. Ila kidonge kimoja anachopewa mtoto shuleni siku ya kutoa minyoo hakigusi kifuko. Mtu mzima mwenye hidatidi kwa kawaida humeza miligramu 400 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa iingie mwilini, kwa miezi na pengine miaka, huku damu yake ikipimwa kuangalia ini na chembe nyeupe. Kuhusu sindano, ipo njia ya kitaalamu ya kuvuta maji, kuua vijidudu kwa dawa na kuvuta tena, lakini ni ya baadhi ya vifuko vya ini. Mfupani haifai: humo vifuko hupenya kama mchwa ndani ya nguzo, nje pazima, ndani pameliwa. Na anayechoma uvimbe asioujua aweza kumwaga mbegu zake mwilini, au kumsababishia mgonjwa mshtuko wa mzio unaoua kwa dakika chache.

Dai la tano: "Ukipasuliwa mgongo utalemaa."
Kinacholemaza zaidi ni kuchelewa. Kifuko kikibana mishipa ya fahamu, miguu hufa ganzi, kisha mkojo unakataa kutii. Upasuaji hufanywa ili kuondoa mbano huo. Ubavu una nafuu, maana sehemu mbovu hukatwa yote na mtu akaishi bila shida. Pingili haiondoleki kirahisi hivyo. Daktari hutoa anachoweza bila kupasua kifuko, huimarisha mgongo kwa vyuma, na dawa huendelea. Ugonjwa wa mgongoni hurudi mara nyingi, kwa hiyo wanaoahidi kupona kwa kisu kimoja nao wanadanganya. Upasuaji na dawa huenda pamoja, na ufuatiliaji ni wa miaka.

Mgongo unaouma kwa wiki nyingi, hasa miguu ikiwa dhaifu, upelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti, na kama picha zinatia shaka, rufaa ya Eldoret isicheleweshwe. Nyumbani, zika au choma viungo vyenye malengelenge, mpe mbwa dawa ya tegu angalau mara nne kwa mwaka, na nawa mikono kabla ya kula. Mbwa asipokula viungo hivyo, njia kuu ya ugonjwa huu kukufikia inakatika.